Saa ya Honi

Mimi ni mtu wa kijicho. Nakwambia mapema ili usisome mpaka mwisho halafu ukajiona umegundua jambo. Mke wangu Nasma alilijua tangu siku ya harusi yetu, maana hata siku ile nilinuna kwa kuwa watu waliisifu kanzu ya kaka yangu kuliko yangu mimi niliyekuwa bwana harusi. Amekaa nalo miaka thelathini na mbili, na akitaka kunitania mbele ya wageni huniuliza leo namwonea nani kijicho.

Jina langu ni Abdulghani, mzaliwa wa Ngamiani mjini Tanga, Barabara ya Kumi na Mbili. Ni stesheni masta wa Mkongeni, kituo kidogo mbele ya Pongwe, kwenye Reli ya Pwani na Milima, na kazi hiyo nimeifanya miaka ishirini na minne. Treni yetu ni ya abiria. Asubuhi inapanda kwenda milimani, jioni inateremka kurudi Tanga, na humo ndani utakuta walimu, wagonjwa wanaokwenda hospitali na akina mama wenye matenga ya machungwa. Kituo changu kina jengo moja, mabenchi mawili na dirisha moja la tiketi.

Kwenye dirisha hilo ndipo alipoanzia kazi Imakulata.

Alikuja akiwa na miaka ishirini, binti wa mkata mkonge wa kambi ya jirani, viatu vyake amevishika mkononi visichafuke kwa udongo mwekundu. Nilimfundisha mimi. Nilimwonyesha namna ya kukata tiketi bila kumtazama abiria usoni mara mbili, namna ya kushika bendera, namna ya kujaza daftari la safari, na kwamba ukikosea usifute, bali ukate mstari mmoja na utie sahihi pembeni. Alishika upesi, na hilo halikunipendeza sana. Mwaka wa tatu akaomba ruhusa ya kwenda kusoma. Barua yake niliifungia kwenye mtoto wa meza miezi miwili, kila akiuliza nikimwambia bado naifikiria. Sikuwa nafikiri chochote. Niliudhika tu kwamba yeye ameomba jambo ambalo mimi sikuwahi kuthubutu kuliomba. Mwishowe nilitia sahihi kwa sababu Nasma alikuja kituoni na chakula changu, akamkuta binti analia nyuma ya jengo, akagoma kunipa sufuria mpaka niandike.

Miaka kumi na tano ikapita. Mwaka jana likaja tangazo la kubandika ukutani: Reli imepata Mtendaji Mkuu mpya. Nililibandika kwa mkono wangu mwenyewe. Jina lilikuwa la Imakulata.

Juma lile lile alikuja Mkongeni, na alikuja kwa treni, siyo kwa gari la ofisi. Alishuka behewa la tatu pamoja na akina mama wa machungwa, akanifuata moja kwa moja, akasema, "Shikamoo, Stesheni Masta," jukwaa zima likisikia. Niliitikia marahaba kwa sauti ya mgonjwa. Angenipita bila kunisalimu ningepata la kusema mwaka mzima. Heshima ile ilininyima hata hilo.

Basi nikanunua daftari dogo la kurasa themanini, nikawa naandika makosa yake. Kila siku kabla ya kufunga kituo niliandika. Tarehe tatu, treni imechelewa dakika kumi na moja. Tarehe tisa, choo cha behewa la pili hakina ndoo. Tarehe kumi na nne, Mtendaji amevaa viatu vya raba kazini. Kurasa zilijaa, lakini nikizisoma upya nilikuwa naona aibu, maana mambo makubwa hayakuwamo. Hayo makubwa alikuwa akiyafanya sawasawa. Vyoo vilianza kuoshwa kila treni ilipofika kituo cha mwisho. Wenye machungwa walipewa sehemu yao kwenye jukwaa, wakaacha kupita katikati ya miguu ya watu. Zaidi ya yote, alikwenda akakaa na wenye treni za mizigo mpaka wakakubali kusimama pembeni ili treni ya abiria ipite kwanza. Kwa hilo tulikuwa tumelalamika tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na hakuna aliyekuwa ameinuka kwenye kiti chake kwenda kuzungumza nao.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Nasma, aliyekuwa amesusa treni miaka mingi kwa sababu ya vyoo, sasa kila Alhamisi ya pili anakwenda Korogwe kwa dada yake Mboni, na akirudi anasifu. Jioni moja alisema mtoto yule ana akili ya kuona kero ya mtu kabla mtu hajaisema. Nikamjibu kwamba kila alichonacho kakipata kwangu. Akaniuliza kama na vyoo nilimfundisha mimi. Nikaacha mbaazi zangu kwenye sahani nikaenda kukaa barazani.

Sasa nieleze kitu ambacho watu wa reli peke yao wanakijua, na si wote.

Kabla ya kila kituo, mbali kidogo, pana taa ya ishara. Treni ikifika kwenye taa hiyo hupiga honi kuomba njia, kisha ikiwa njia ina treni nyingine, inangoja. Inaweza kungoja nusu saa, abiria wakiwa ndani wanajipepea kwa kanga na magazeti. Mimi nilipoingia kazini, aliyenitangulia alinifundisha kwamba saa ya kufika inaandikwa honi inaposikika. Yeye alifundishwa hivyo na aliyemtangulia. Tuliiita saa ya honi. Kwa saa hiyo, treni iliyotakiwa kufika kwangu saa moja na nusu iliandikwa imefika saa moja na nusu, hata kama abiria walishuka saa mbili kamili. Hakuna aliyeiona kuwa ni uongo. Honi si tumeisikia?

Imakulata, mwezi wake wa kwanza, alitoa agizo la mistari miwili: saa ya kufika iandikwe milango inapofunguliwa na abiria wa kwanza anapokanyaga chini. Hakueleza sababu wala hakumtaja mtu. Tukatii. Na kwa kuwa treni za mizigo zilikuwa zimeanza kutupisha, milango ya Mkongeni ikawa inafunguliwa saa moja na dakika thelathini na nane. Abiria walikuwa wamepunguziwa zaidi ya dakika ishirini, lakini kwenye daftari iliandikwa treni imechelewa, kwa sababu nane ni nane.

Nadhani umeshaona inakokwenda. Mimi niliiona mapema, na nilifurahi peke yangu.

Mtendaji Mkuu hupewa mwaka mmoja wa majaribio. Mwaka ukiisha, jopo la watu watano linampima, na akipata wastani chini ya tatu katika alama tano hathibitishwi, anafungasha. Wanne hutoka kwenye bodi. Wa tano ni mwakilishi wa wafanyakazi, na safari hii wafanyakazi walinichagua mimi, kwa kuwa ni mkongwe, na kwa kuwa walidhani namtakia mema mwanafunzi wangu. Fomu ilikuwa na maswali kumi. Niliijaza nyumbani kwa siku tatu, mlango umefungwa. Nilimpa mbili nyingi na moja chache. Swali la saba liliuliza kama Mtendaji anawafahamu watu anaofanya nao kazi, na hapo nilimpa moja bila kufikiri, maana alikuwa na mwaka mzima wa kunifahamu na hakuniomba ushauri hata wa rangi ya benchi.

Jopo lilikaa Jumatano asubuhi, makao makuu Tanga mjini. Nilivaa koti langu la sare, daftari la makosa likiwa kwenye mfuko wa ndani. Katibu wa jopo, dada mmoja makini anayeitwa Kristina, alizipokea fomu zetu akazipanga mbele yake. Mwenyekiti alikuwa Bwana Yasini, mtu wa benki aliyestaafu, mwenye imani na tarakimu kuliko watu. Alifungua jalada akasoma: mwaka kabla ya Mtendaji huyu, treni tisini na tatu katika kila mia zilifika kwa wakati. Mwaka wake, sitini na nne. Akavua miwani akamwuliza Imakulata ana la kusema.

Imakulata alikuwa amekaa mwisho wa meza, mikono juu ya karatasi zake. Akasema, "Tarakimu za mwaka wangu ni za kweli zote, Mwenyekiti. Sina la kuongeza." Hakunitazama. Akaombwa atoke nje, akatoka.

Wallahi nilisikia raha. Sitajificha. Wale wanne wa bodi walikuwa watu wa mjini, hawajawahi kusimama jukwaani na bendera, na hapakuwa na mtu mwingine mezani aliyejua kuhusu honi. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya, na kukaa kimya si dhambi inayoandikwa kwenye daftari lolote. Mmoja wao akasema inasikitisha, binti alikuwa na ari. Mwingine akasema ari haifikishi treni. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayeumia. Bwana Yasini akashika kalamu. Nilikuwa nimeanza kupanga nitamwambiaje Nasma, kwa sura gani, na kama nitakula kwanza ndipo nimwambie.

Hapo ndipo Bwana Yasini alipofungua ukurasa wa mwisho wa taarifa ya Imakulata. Akasema kwa haki lazima tuone kwamba mwenyewe ametambua upungufu wake, maana ameandika pendekezo. Akasoma. Kwa kuwa kituo cha Mnazimrefu, kwa miaka tisa mfululizo, ndicho kilichoongoza kwa treni kufika kwa wakati, stesheni masta wake mstaafu, Bwana Ernesti, arudishwe kazini kama mshauri wa vituo vyote, avifundishe nidhamu ya muda. Na ukumbi mpya wa abiria hapa Tanga upewe jina lake.

Nikamwomba arudie. Akarudia.

Ernesti. Lazima nimweleze kidogo. Mnazimrefu ni kituo kinachofuata baada ya changu, kilomita kumi na moja. Kila mwaka makao makuu yalitoa ngao ya shaba kwa kituo bora, na kila mwaka, miaka tisa, ilikwenda kwa Ernesti. Aliitundika juu ya dirisha la tiketi na kuing'arisha kwa majivu na ndimu. Akinipigia simu ya kazi aliniuliza, "Mkongeni, mwaka huu vipi?" ilhali anajua vipi. Siku ya kustaafu kwake nilikula biriani lake nikiwa nimenuna, na nilipofika nyumbani nilisema lilikuwa na chumvi. Leo nivuke ukumbi wenye jina lake kila nikija mjini? Aje Mkongeni na fimbo yake kunifundisha mimi muda?

Nilisimama kabla sijajua kama nimesimama. Nikasema, "Ngao ile haikuwa ya muda. Ilikuwa ya honi."

Wakanitazama. Basi nikamwaga. Niliwaeleza taa, honi, abiria wanaojipepea, na saa inayoandikwa treni ikiwa bado porini. Nikawaambia tisini na tatu ile ni hewa. Bwana Yasini aliniuliza kwa upole kama nami nilikuwa nikiandika hivyo. Swali hilo sikuwa nimelitarajia, maana katika hasira yangu nilikuwa namwona Ernesti peke yake. Nikasema ndiyo, miaka ishirini na mitatu, mpaka mwaka jana tulipokatazwa. Akaniuliza nani aliyetuagiza. Nikasema hakuna, tulirithishana.

Aliandika kitu, kisha akasema maneno peke yake hayatoshi kubadili tarakimu, akataka ushahidi. Nikaomba vitabu vya zamani, yaani yale madaftari ya safari, vya Mkongeni na Mnazimrefu, mwaka wowote. Nilidhani Kristina atakwenda stoo ya ghorofa ya chini arudi baada ya swala ya adhuhuri. Alinyoosha mkono tu kwenye rafu nyuma yake, akavileta viwili vimeshafutwa vumbi. Sikulizingatia hilo wakati ule.

Saa ya kuondoka tuliandika ya kweli siku zote, kwa sababu dereva alitia sahihi yake. Nikafungua changu kwa kubahatisha, nikafungua cha Ernesti tarehe hiyo hiyo, nikaviweka sambamba mbele ya Mwenyekiti. Vitabu hivyo, tangu reli iwe reli, havikuwahi kulazwa meza moja, kila kituo kilipeleka chake kivyake. Treni iliondoka kwangu saa mbili na dakika tatu. Kwa Ernesti ilifika saa moja na dakika hamsini.

Bwana Yasini alisoma mara mbili kwa kidole. Kisha akasema taratibu, "Ilifika kwake dakika kumi na tatu kabla haijaondoka kwako."

Mzee yule hata honi hakuwa akiingoja. Alikuwa akinakili ratiba iliyobandikwa ukutani. Miaka tisa. Mjumbe mmoja alicheka mpaka akakohoa, na mimi moyo wangu ulijaa furaha chafu niliyokuwa nikiidai tangu ngao ya kwanza. Nikatoa na daftari langu la mfukoni, ambamo kila siku ya mwaka nilikuwa nimeandika dakika ambayo treni ilifika kweli, nikiwinda makosa. Bwana Yasini aliuliza kwa nini niliandika kwa uaminifu namna ile. Nikamsogezea tu daftari. Kristina akaongeza vitabu vya mwaka uliomtangulia Mtendaji, wakakokotoa robo saa nzima kwa saa za kuondoka zilizomo, wakaona kwamba kwa saa ya mlango kufunguliwa, mwaka wa nyuma treni zilizofika kwa wakati hazikufika hata ishirini katika mia. Mtendaji aliyekuwa anakaribia kufukuzwa alikuwa ameziongeza mara tatu.

Fomu zao wanne walizirekebisha pale pale. Imakulata akaitwa, akaambiwa amethibitishwa, na Mwenyekiti akasema mbele ya wote kwamba amshukuru Bwana Abdulghani, aliyejishitaki mwenyewe kwa ajili ya haki. Makofi yalipigwa. Niliinamisha kichwa. Wakadhani ni unyenyekevu.

Nilimkuta Imakulata kwenye veranda, amesimama anatazama reli. Sasa ile rafu, na vile vitabu vilivyokwisha kufutwa vumbi, vilikuwa vimenirudia akilini. Nikamwuliza kwa nini alimsifia Ernesti, ilhali agizo la kuacha honi alilitoa mwenyewe.

"Ningesema mie, ningeonekana najitetea," akasema. "Na ningewataja nyinyi mlionifundisha. Ilibidi aseme mwenye daftari lake."

"Na ulijuaje kwamba nitasema? Nilikuwa nimeshanyamaza."

Alisita kidogo, kama alivyokuwa akisita dirishani kabla ya kumwambia abiria kwamba nafasi zimejaa. "Miaka mitatu nilikaa na wewe, Stesheni Masta. Ngao ikienda Mnazimrefu, siku ile chakula alichokuletea mkeo kilirudi nyumbani hakijafunuliwa kifuniko. Nilikuwa nakiona." Kisha akaongeza, bila dharau yoyote, "Mie nilijua hutanisemea. Lakini Ernesti ungemsema."

Binti niliyemfungia barua kwenye mtoto wa meza alikuwa amenisoma ukurasa kwa ukurasa, akanipeleka alikotaka kunipeleka, na njia nzima nilidhani naendesha mimi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuwa amekosea hata mahali pamoja. Katika miaka yangu ishirini na minne ya kuwa mkubwa wa watu hakuna hata mmoja niliyewahi kumjua hivyo, wala kujaribu, na kwa hilo nilimwonea wivu kuliko siku zote.

Nikarudi ndani. Kristina alikuwa anafunga jalada. Nikamwambia fomu yangu ina kosa. Akasema jopo limekwisha, alama zimejumlishwa, na yangu haibadilishi kitu tena. Nikamwambia anipe tu. Alinipa, akakaa ananitazama, maana aliona zile mbili zangu na zile moja, na nadhani ndipo alipoelewa nilikuja pale asubuhi kufanya nini.

Nikatafuta swali la saba, kama Mtendaji anawafahamu watu anaofanya nao kazi. Ile moja sikuifuta. Niliikata mstari mmoja, nikaandika tano, nikatia sahihi pembeni. Halafu nikatazama saa ya ukutani, nikaandika na saa: sita na dakika kumi na nne.